Utosi wa Maganga

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyamizi alikuwa na kazi mbili: kuteka maji lamboni na kuwafungulia mbuzi. Mwaka ule, 1976, alikuwa darasa la tano katika kijiji kimoja upande wa Mhunze, na kwa mbuzi hakuwa na mpinzani. Mwanambuzi akizaliwa bila pumzi, hata watu wazima walimwita yeye. Alimshika miguu ya nyuma akamtikisa kwa nguvu mpaka akapiga chafya. Baba yake, mzee Bujiku, alimsifu kwa majirani hadi mtoto wa watu akaona haya.

Msimu wa kuvuna pamba ikaja kazi ya tatu. Mama yake alijifungua mtoto wa kiume wa miezi saba tu, wakahamia kituo cha afya. Mtoto huyo, Maganga, alikuwa na kilo moja na robo, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hata mishipa ilionekana. Nesi Bernadina alimviringisha kwa pamba safi, akampangia pembeni chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Akitoka shule, Nyamizi alikwenda moja kwa moja kuchemsha maji na kubadilisha chupa.

Siku ya tatu mama alikwenda kuoga. Nyamizi alikuwa peke yake alipoona kifua cha Maganga hakipandi. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Hakuita mtu. Mikono yake ilifanya ilichozoea: ilimtoa mtoto kwenye pamba ikamtikisa mara moja, mara mbili, mara tatu. Maganga akalia. Nyamizi akamrudisha na kumfunika. Alijua ameokoa maisha, ila mama aliporudi hakumwambia, maana alitaka kusimulia jioni baba akiwepo.

Lakini jioni ile baba hakuja. Kesho yake asubuhi, siku isiyo ya shule, Maganga alikataa maziwa aliyokuwa akidondoshewa kwa kijiko. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka wenyewe, na utosi, ile sehemu laini ya juu ya kichwa, ulikuwa umevimba na kukaza.

"Mama Nyamizi, mtoto huyu ameanguka?" nesi aliuliza. "Kuna mtu amemtikisa?"

"Hapana, nesi. Hajatoka kwenye pamba," mama alijibu, kisha akaanza kulia. "Ni mimi. Nilibeba magunia ya pamba nikiwa na mimba. Nimemharibu mwenyewe."

Nyamizi alitazama sakafu. Hadithi aliyotaka kujisifia sasa ilimtia hofu. Akisema, mama atamtazamaje? Akinyamaza, nani atajua? Akanyamaza.

"Huenda ni homa ya uti wa mgongo, na hapa sina cha kumpimia," nesi alisema. "Lori la pamba linakwenda Mwanza saa sita. Mtapanda."

Nyamizi aliijua barabara ile. Abiria walirushwa mpaka wakauma ndimi zao. Saa sita dereva aliwasha injini uani, na chupa zikaanza kugongana juu ya meza. Pamba iliyozunguka kichwa cha Maganga ikatetemeka pia.

"Asipande!" Nyamizi alipiga kelele. "Mayu, mama, ni mimi! Aliacha kupumua, nikamtikisa kama mwanambuzi."

Mama alijiziba mdomo kwa kanga.

"Lini?" nesi aliuliza.

"Jana, mama alipokwenda kuoga."

Nesi Bernadina alitoka, akampa dereva barua ampelekee daktari wa Mwanza, na lori likaondoka bila Maganga. Aliporudi alikuwa amekasirika waziwazi. "Ungesema asubuhi, sindano ya kugandisha damu ningeshamchoma!" Akamchoma, akamwinua kichwa kidogo kwa kitambaa, akakataza mtu yeyote kumnyanyua.

"Nimemuua?" Nyamizi aliuliza.

Nesi aliketi. Hasira ilikuwa imempungua. "Nadhani damu inavuja ndani ya kichwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mishipa yake ya kichwani ni laini kama utando wa maziwa. Hupasuka hata asipoguswa. Hata nchi zenye mashine na madaktari wengi, watoto kama hawa huvuja damu. Sijui kama ni wewe, na sitakudanganya. Ila akisahau tena kupumua, msugue nyayo kwa kidole, taratibu, huku ukiniita. Hilo nilimfundisha mama yako nikakuacha wewe kwa kuwa ni mtoto. Nimekosa."

Siku nane walimlinda kwa zamu. Siku ya tisa utosi ulilegea, na Maganga akameza kijiko kizima cha maziwa. Mama alimvuta Nyamizi akamkumbatia.

Miezi miwili baadaye Maganga alifikisha kilo mbili na nusu, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Ila ngumi ya kushoto ya Maganga ilibaki imefumba.

"Huenda mkono huu usipone wote," nesi alisema. "Unyoosheni kila siku. Nawe Nyamizi, sikia. Kumtikisa lilikuwa kosa la kutojua, na nimekusamehe. Kunyamaza ulifanya ukijua. Ungenyamaza mpaka lori liondoke, leo tusingekuwa na mkono wa kunyoosha. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

"Ndiyo, nesi."

Tangu siku hiyo Nyamizi akawa na kazi moja zaidi asubuhi. Kabla ya maji na mbuzi, aliketi kitandani kwa mama, akakunjua vidole vya mdogo wake kimoja kimoja, taratibu.