Marehemu Aliyemimina Chai

Likizo ya Agosti ilipofika, televisheni ya Saida ilikuwa na wenyewe wengi. Faki, mumewe, alitaka mpira. Bi Muna, mama yake Saida, alitaka taarifa ya habari, halafu mchezo wa Kasri la Feruzi. Zahra, binti yao, hakuitaka televisheni hata kidogo. Alijifunika leso kichwani akatazama vipande vifupi kwenye simu.

"Unatazama nini huko chini?" Bi Muna alimuuliza.

"Kasri, shosho."

"Kasri si linaanza saa moja jioni?"

"Hiyo ni yenu ya TV. Huku tulishaona mpaka arusi."

"Arusi ya nani? Wacha! Usiniambie!"

Saida mwenyewe hakuwa na muda wa kukaa. Alikuwa fundi wa nguo pale Kiandutu, Thika, na Agosti ni mwezi wa sare za shule. Chama cha akina mama kilimletea kitambaa, yeye akashona. Kwa hivyo Kasri alilitazama akiwa kazini. Simu aliiegemeza kwenye kopo la vifungo, miguu ikakanyaga cherehani.

Vipindi alivipata katika kundi moja la WhatsApp. Kundi hilo lilijaa wanawake wa Thika na Ruiru. Hakuna aliyejua nani alilianzisha. Hakuna aliyeuliza. Kipindi kikiingia, watu walitazama, wakamtukana mama mkwe wa Feruzi, wakangoja kingine.

Mchana mmoja ujumbe ulimjia Saida peke yake.

"Dada, grupu limejaa. Tunahamisha watu wachache kwa grupu jipya. Huko kuna vipindi vyote mpaka mwisho. Utapata SMS yenye namba sita. Nitumie hizo namba nikuingize."

SMS ikaja. Ilisema wazi kwamba namba hizo asipewe mtu yeyote. Saida hakusoma mpaka hapo. Feruzi alikuwa anaingia chumbani, na mkewe alikuwa anaficha kitu chini ya mto. Saida alizituma zile namba haraka, akarudi kwenye kola ya shati.

Punde si punde WhatsApp ikamtoa.

"Bando limeisha," alijiambia. Akaendelea kushona.

Alasiri hiyo Bi Muna alikuwa ameketi ndani akichagua mchele. Alisikia vilio uani. Wanawake wa chama walikuwa wanakuja, leso zimefungwa viunoni. Mmoja alibeba sufuria kubwa, mwingine mfuko wa sukari. Nzilani, mwenyekiti wao, aliingia wa kwanza, amefunika uso kwa leso, analia. Wengine walikuwa bado wanavua viatu mlangoni.

Bi Muna alijua huo ni msiba. Hakujua wa nani. Lakini mtu anayelia hupewa kiti kwanza. Akamketisha Nzilani, akamimina chai, akamtia kikombe mkononi.

"Pole, mama, pole," Nzilani alisema ndani ya leso.

"Tumeshapoa, mwanangu. Kunywa kwanza. Ni nani ametutoka?"

"Si ni mama yake Saida."

"Mama yake yupi? Ana wangapi?"

Nzilani alitoa leso usoni. Chai ikamwagikia mapajani.

"Wewe!"

"Mimi?" Bi Muna aliuliza. "Na nani ameniua bila kunipa habari?"

Saida alitoka mbio kwenye cherehani, uzi umemning'inia shingoni. Nzilani alikuwa amesimama, anajipangusa. Alitoa simu akasoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"'Mama yangu ametutoka asubuhi hii. Tunazika leo alasiri. Mchango tumeni kwa namba ya shemeji yangu, simu yangu ina shida.' Haya, Mama Zahra. Namba ni yako. Jina ni lako. Na picha hii, si ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini sijaandika hayo."

"Basi ni jini ameandika!"

Wengi wao walikuwa wametuma. Mazishi ya Waislamu hayangoji. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Watu wa Kiandutu wanalijua hilo, Waislamu na Wakristo pia. Kwa hivyo mtu hutuma mchango kwanza, maswali yanakuja nyuma. Wizi huu ulipita hapo hapo, katika wema wao.

"Umemzika mama yako akiwa hai ili ule jasho letu," Nzilani alisema. "Jumapili chama kinakutana. Njoo na kitambaa chetu. Hatuwezi kumwachia kazi mtu wa aina hii."

Waliondoka. Mwenye sukari aliondoka na sukari yake. Jioni hiyo hiyo Nzilani aliandika kwa grupu la chama kwamba Saida ni mwizi.

Faki aliporudi kutoka kazini alikuwa amesikia yote njiani. Alikaa, akakuna kichwa.

"Vunja hiyo laini," alimwambia mkewe. "Nunua nyingine. Unyamaze. Maneno ya watu hupoa."

"Nivunje laini yangu?"

"Utafanya nini kingine?"

"Sijui. Lakini sivunji. Nikijificha, nitakuwa nimekubali. Mimi si mwizi, Baba Zahra. Anayefaa kujificha ni yule aliyeniibia jina."

Walikuwa wanabishana hivyo Mbithe alipobisha hodi. Mbithe alifanya kazi katika duka la simu Ruiru. Sare za watoto wake zilishonwa na Saida.

"Nilipata ujumbe wa msiba," alisema. "Nikapiga simu ya kawaida, hukushika. Nikasema nije nijionee." Akamwona Bi Muna. "Shosho! Kumbe uko."

"Niko. Wakitaka kunizika wangoje kidogo."

Mbithe alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimgeukia Saida.

"Mama Zahra, leo kuna mtu amekuomba namba sita?"

Saida alitazama sakafu. Halafu akainua uso.

"Ndiyo. Watu wa Kasri. Walisema wananiingiza kwa grupu jipya."

"Kwa sababu ya sinema!" Faki aliruka. "Nilisema mimi!"

"Wewe ulisema lini?" Bi Muna alimkata. "Wacha msichana aongee."

"Hakukuwa na grupu jipya," Mbithe alisema. "Mwizi aliweka namba yako ya simu kwa WhatsApp ya simu yake. Basi ikatumwa SMS kwako kuuliza, ni wewe kweli? Hizo namba sita ndizo jibu. Ni ufunguo wa nyumba yako. Ulimpa ufunguo, akaingia, akafunga mlango, wewe ukabaki nje."

"Na msiba je? Alijuaje?"

"Hakujua kitu. Aliona jina Saida na picha yenye mtandio. Akakisia wewe ni Mwislamu, na mazishi yenu hayangoji. Kwa mwingine angesema ajali."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, laini usivunje. Laini yako ndiyo itakurudisha. Shika simu. Mimi sitaishika, fanya mwenyewe."

Saida alifungua WhatsApp, akaandika namba yake upya. SMS nyingine ikaja. Safari hii aliisoma yote, mpaka mwisho. Akaweka zile namba sita mwenyewe. WhatsApp ikafunguka.

"Yeye je?" Zahra aliuliza.

"Ametolewa hapo hapo," Mbithe alisema. "Hata kama angeweka PIN yake, mama yako angengoja labda wiki kuingia, lakini mwizi naye angekuwa nje. Sasa weka PIN yako wewe. Iko kwa mipangilio, panaitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Mtu akipata zile namba sita tena, ataulizwa PIN. Hana. Na PIN hiyo usimpe mtu. Hata mimi."

"Hata mimi?" Faki aliuliza.

"Hata wewe," Saida alisema.

Mbithe aliendelea. Waliotuma pesa wapigie kampuni ya simu mara moja, kwa sababu pesa ambayo haijatolewa huenda ikazuiliwa. Saida aende polisi aandikishe. Na awapigie watu wote, wasikie sauti yake.

"Usiandike tu," alisema. "Maandishi ndiyo yaliyowadanganya."

"Na hilo Kasri lenu liishe leo!" Faki alisema.

Bi Muna aliweka chini sinia la mchele. "Liishe? Mwizi aniue, halafu aninyime na mchezo wangu? Sikubali."

"Si lazima muache," Mbithe alisema. "Siku hizi kila mtu anatazama kwa saa yake, hakuna ubaya. Kituo chenyewe huweka vipindi kwenye ukurasa wake kesho yake. Zahra atawaonyesha. Jina la ukurasa huo ndilo hilo hilo mnaloona kwa TV wakati wa tangazo. Huko unatazama tu. Mtu akikuomba namba za SMS ili utazame mchezo, huyo hana mchezo. Anataka simu yako."

Kesho yake Saida alikwenda polisi. Kisha akaanza kupiga simu. Wengine walimsikiliza. Wengine walikata. Nzilani hakushika kabisa.

Jumapili chama kilikutana nyuma ya duka la Nzilani. Saida aliingia na mama yake. Hakuwa amebeba kitu.

"Kitambaa kiko wapi?" Nzilani aliuliza.

"Kiko kwa cherehani. Kinashonwa."

Minong'ono ikaanza. Bi Muna aligonga bakora chini.

"Mimi ndiye maiti," alisema. "Nimekuja kusikiliza kesi yangu."

Mtu alicheka, akajizuia. Saida hakuketi.

"Sikuja kuomba msamaha wa wizi," alisema. "Sikuiba. Kosa langu ni moja, nilitoa namba sita bila kusoma. Hilo nalikubali. Sasa kila mtu atoe simu yake. Nataka muangalie kama mmeandikiwa na huyo mtu wa Kasri."

"Unatupa amri?" Nzilani aliuliza.

"Ndiyo. Angalieni."

Walitoa simu. Wakaanza kutafuta. Mmoja alisema, "Aii, kumbe huu hapa." Mwingine akasema hata yeye. Kisha Mama Boaz, muuza mboga, akainua yake juu.

"Mimi WhatsApp yangu haijafunguka tangu asubuhi. Si ni bando?"

"Ulituma namba sita?" Saida alimuuliza.

Mama Boaz alifunga mdomo kwa mkono.

Wakati huo huo simu ya mwanamke aliyeketi nyuma ikalia. Alisoma, akatoa macho. "Mama Boaz, unasema Boaz amegongwa na pikipiki?"

"Boaz yuko nyumbani anakula!"

"Asitume mtu!" Saida alisema. "Mama Boaz, njoo hapa. Mimi sitashika simu yako. Shika mwenyewe."

Alimwongoza kama alivyoongozwa. Andika namba yako. Ngoja SMS. Isome yote. Weka namba. Sasa PIN, na ugeukie ukuta, tusiione. Wanawake walisimama pande zote, wengine wakifuata kwa simu zao. WhatsApp ya Mama Boaz ikafunguka. Akapiga vigelegele kama mtu aliyepata mtoto.

Safari hii hakuna pesa iliyotumwa. Mwizi alibaki na maneno yake mdomoni. Chama kikakubaliana papo hapo: mtu akiandika kuomba pesa, apigiwe, sauti yake isikike. Isiposikika, hatumi mtu, hata kama ni maziko ya dakika hii.

Nzilani alikuwa wa mwisho kufungua simu yake. Ujumbe wa Kasri ulikuwa hapo. SMS ya namba sita pia ilikuwa hapo.

"Ningetuma," alisema polepole. "Ujumbe ulipoingia, bando likaniishia tu."

Aliweka simu mapajani. Kisha akasema, "Basi Mama Zahra, yaishe. Endelea na sare. Mambo haya tuyaache."

"Hapana," Saida alisema. "Uliniita mwizi mbele ya watu, nyumbani kwangu, mbele ya mama yangu. Na uliandika kwa grupu la chama, nalo lina watu ambao hawako hapa. Rekodi sauti yako, uitume huko huko. Useme."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nzilani alishika simu karibu na mdomo, akabonyeza cha kurekodi. "Mimi ni Nzilani. Saida hakuiba. Aliibiwa." Akatoa kidole, sauti ikaenda.

Saida aliisikiliza ile sauti mpaka mwisho.

"Imekuwa ndogo," alisema. "Siku ile ulikuwa na sauti kubwa. Rudia."

Nzilani akavuta pumzi, akarudia. Safari hii hata wateja waliokuwa mbele ya duka waligeuka.