Maji ya Kamere

Wewe, gari lako likichemka njiani, huwa unalijaza maji ya wapi? Usijibu haraka. Wengi husema ya bomba, halafu ukiwabana kidogo unakuta yalikuwa ya mtaro, au ya ndoo ya mama anayeuza viazi kando ya barabara. Maji ni maji, husema. Trizah naye alisema hivyo, na yeye ni mwalimu wa kemia.

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi yoyote pale Section 58, mtaa wa Nakuru. Nguo zilikuwa kwenye kamba, redio ya jirani ikihubiri, na Subaru Legacy ya Joash, mumewe Trizah, ilikuwa imefunguliwa boneti mbele ya nyumba kama mgonjwa anayemwonyesha daktari koo. Lilikuwa gari la zamani, lile lenye mgongo mrefu. Joash aliuza dawa za mifugo Njoro mpaka Molo, na gari hilo ndilo lililopakia dawa hizo. Lakini tangu siku moja ya mwaka uliopita, alipokwenda nalo Naivasha kumwona mdogo wake Travis, halikuweza kupanda mlima bila kuchemka.

Travis alikuwa kibarua kwenye shamba la maua, akikaa Kamere, karibu na ziwa. Jioni ile Joash alirudi akasema hakumkuta. Majirani, alisema, wamemwambia kijana amefunga virago akaenda Mombasa. Tangu hapo simu ya Travis haikushika. Polisi walisema mtu mzima ana haki ya kupotea.

Mama yao, Nanyama, alikuwa akiishi mtaa wa Kaptembwo. Kila Jumapili alikuja kula kwa Joash, na kila Jumapili aliomba sahani ya Travis ipakuliwe na kufunikwa, asije akafika akakuta sufuria zimekauka. Mtu akifa, watu hukaa nawe, mnalia, mnamzika, halafu mwili unajua kwamba yameisha. Mama Nanyama hakuwa amepewa hata hilo. Alikuwa akikonda akingoja. Jioni Trizah aliifunua ile sahani, akamwaga chakula kilichopoa, akaosha sahani safi. Gari lilikuwa likimsumbua, ndiyo. Sahani ile ilikuwa ikimuua.

Kwa Mama Nanyama, gari lilikuwa limerogwa, basi. Alileta watu wa maombi wakalizunguka wakiimba, wakaipaka boneti mafuta ya upako. Trizah alisimama mlangoni amekunja mikono, akasema kama mafuta hayo yangeziba gasketi ya injini, mafundi wote wa Nakuru wangekuwa maaskofu.

Imani yake ilikuwa moja: kila ugonjwa una sababu, na sababu hutafutwa kuanzia ile nyepesi. Kifuniko cha rejeta kilibadilishwa. Feni ikaangaliwa. Fundi wa kwanza alikuwa ameng'oa thermostat, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, na kuitupa, eti hiyo ni ya nchi za baridi, Kenya ni joto. Trizah alimfukuza kwa heshima zote, akamwita fundi mwingine, Kibii, ambaye alicheka, akarudisha thermostat mpya, kisha akafungua lile kopo la plastiki la maji ya akiba kando ya rejeta na kumwambia Joash akanyage mafuta.

Mapovu yakapanda kwenye kopo.

"Si unaona, Mwalimu," Kibii akasema. "Moshi ya injini inapita kwa gasketi, inaingia kwa maji. Hizi Subaru za kitambo ni hivyo tu. Injini imelala chali, ina vichwa viwili, na vyote huchoka."

Injini ilishushwa. Vichwa vikasagwa vikanyooka, gasketi mpya zikaingia pande zote mbili, na hewa ikatolewa kwenye maji huku pua ya gari imeinuliwa juu. Kazi safi. Jambo moja tu lilimnyima Kibii raha. Alipofungua mpira wa chini wa rejeta, yalitoka maji ya kijani yanayonuka matope. Aliusafisha mfumo wote kwa maji ya bomba mpaka yakatoka meupe, akajaza coolant mpya, maji yenye dawa ya kupoza injini. Kesho yake akafungua tena. Matope. Ndani yake ulielea mzizi mweusi, mwembamba kama unywele.

Alimvuta Trizah kando, mbali na Joash.

"Mwalimu, hii ni maji ya ziwa."

Trizah akamwambia ni uchafu wa zamani uliokwama ndani.

Mzizi ulikuwa mbichi.

Gari lilijaribiwa, na Joash alilijaribu palepale anapolijaribu siku zote, barabara ya Njoro. Likachemka. Siku nyingine tena, Njoro. Likachemka. Jumamosi ile Trizah hakungoja. Joash alipoingia kuoga, yeye alichukua funguo akashika njia ya Gilgil, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Gari lilikwenda kama jipya. Alipopita Mbaruk, sindano ya joto ilikuwa katikati, inavyotakiwa. Halafu ikaanza kushuka. Jua lilikuwa kali, lori mbele yake likitapika moshi, na sindano ikashuka mpaka ikalala kwenye baridi, kana kwamba injini haijawashwa. Alifungua hewa ya moto. Ikatoka baridi, yenye unyevu, yenye harufu ya majani yaliyooza. Pale Kikopey, kwenye vibanda vya nyama, akageuza gari arudi nyumbani. Sindano ikapanda mara moja. Akageuza tena kuelekea Naivasha. Ikashuka.

Waya wa kipimo ni mbovu, akasema. Alisema kwa sauti, peke yake ndani ya gari.

Chini ya boneti, kitu kikashusha pumzi.

Alifika nyumbani gari likifuka mvuke. Alidhani Joash atagomba. Hakugomba. Alitaka kujua jambo moja tu, alifika wapi. Alipotajiwa Kikopey aliketi kwenye ngazi, kisha akainuka, akang'oa betri kwa mikono yake mwenyewe, akasema anaipeleka sebuleni kuichaji.

"Usilipeleke huko tena," alisema.

Jumapili, wakitoka kanisani, Trizah alikuwa amepata wazo. Maabara ya shule ina maji ya chokaa. Aliyepita kidato cha kwanza anayakumbuka: ukipuliza ndani yake kwa mrija, yanageuka meupe kama maziwa. Moshi wa injini huyageuza vilevile. Angeingiza mrija wa mpira kwenye kopo la akiba, ncha nyingine aitumbukize kwenye gilasi ya maji ya chokaa, awashe gari, na kama gasketi mpya inavuja, gilasi ingesema. Angemwonyesha Kibii. Angeyamaliza haya mambo ya pepo.

Alipitia shuleni akachukua chupa ya maji hayo. Nyumbani alifunga mrija vizuri, akauzungushia kitambaa usivujishe. Akaiweka gilasi juu ya betri. Hapana. Mahali pa betri. Betri yenyewe ilikuwa sebuleni.

Aligeuka kwenda kuiitisha. Nyuma yake, gilasi ikabubujika.

Alirudi taratibu. Akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Mapovu mawili mafupi. Moja refu. Kimya.

Mawili mafupi. Moja refu.

Maji ya chokaa yakaanza kufifia. Yakawa ukungu. Yakawa maziwa.

Trizah hakupiga kelele. Alikuwa akifikiri, na kufikiri ndiko kulikomtisha. Gesi inayogeuza maji hayo meupe hutoka kwenye kitu kinachoungua, au kwa kitu kinachopumua. Hapa hapakuwa na moto.

Mama Nanyama alitoka jikoni akijifuta mikono, anakuja kumwambia chakula kimeiva na sahani ya Travis imefunikwa. Akasimama katikati ya ua. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali.

"Nani amelala humu?" akauliza.

Mama akasogea, akainama, akaweka sikio karibu na rejeta. Mkono wake ukapanda polepole na kutulia juu ya chuma, ukiwa umefunguka, vile mtu humwekea mtoto mkono kifuani.

"Alikuwa na kifua kibaya," alinong'ona. "Akiwa mdogo nililala nimemshika hapa. Fupi, fupi, ndefu. Huyu ni Travis."

Joash alitokea mlangoni, betri mikononi.

Mapovu yakakoma.

Alichukua hatua moja. Yakarudi. Sasa hayakuwa na mpangilio, yalikuja mengi, mazito, yakisukumana, kama mtu anayeishiwa. Gilasi ikagonga chuma. Na ule weupe ukaanza kuondoka. Hilo pia Trizah alilijua: ukizidi kupuliza, maziwa huyeyuka, maji hurudi angavu. Wanafunzi wake hupuliza mpaka kizunguzungu. Haya yaliangaza akiyatazama. Kwenye kitako cha gilasi, pasipokuwa na kitu, ulilala mzizi mweusi, mbichi, umejikunja.

Joash aliiweka betri chini.

"Ulimwacha wapi?" Mama akauliza. Hakupaza sauti. Hakuutoa mkono.

Joash alitazama mrija. Alianza kusema Mombasa. Midomo ilishaanza M. Akaifunga.

"Nilimkuta," akasema. "Gari ilikuwa imechemka, tukashuka ziwani na mtungi. Nikamtuma maji. Hapo kando ni matope, nikamwambia aingie ndani. Akasema kuna magugu, kuna kiboko. Nikamcheka, Mama. Nikamwambia ni mwoga kama msichana. Akaingia."

Mama hakusogea.

"Magugu yakamshika miguu. Akaniita. Kamba ya kuvutia gari ilikuwa kwa buti, nyuma ya gari, karibu tu. Mtungi ukaachana naye, upepo ukaniletea. Ulikuwa umejaa nusu. Nikaweka kwa rejeta."

"Na yeye?"

Gilasi ilikuwa imenyamaza. Kwa jirani, mtu alizima redio.

"Niliona mapovu," Joash akasema. "Nikasimama hapo nikiyaangalia mpaka yakaisha."