Kifundo cha Mguu cha Waridi

Abbasi aliuza vipuri vya magari katika mtaa wa Gerezani. Mkewe, Waridi, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwao Kariakoo, kwa cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na mama yake.

Siku moja Waridi alikosea ngazi akiwa na ndoo ya maji. Mguu ukapinda, kifundo kikavimba. Hospitali walimpiga eksirei, wakaona hakuna mfupa uliovunjika. Wakampa dawa na kumwambia arudi baada ya wiki mbili kama maumivu hayajaisha.

Maumivu hayakuisha, na Waridi hakurudi. Kila alipolalamika, Abbasi aliitoa ile picha ya eksirei ukutani alikoitundika na kuiinua dirishani.

"Mfupa mzima huu, Mama Shamsa. Hiyo ni mishipa tu."

Kisha alichemsha maji ya chumvi akamkanda. Alimkanda kila jioni, kwa mapenzi kabisa, na kwa mapenzi hayo akamchelewesha miezi minane.

Jumamosi moja alikuja jirani yao Scholastika, muuguzi, kuchukua sare yake ya kazi.

"Chukua, shoga yangu," Waridi alisema. "Nikimaliza vitambaa vya harusi vya watu, basi. Cherehani naiuza."

Abbasi alishtuka. Hilo alikuwa hajalisikia.

"Cherehani ya mama yako?"

"Mguu haukanyagi tena, Baba Shamsa. Nifanyeje?"

Scholastika aliweka sare chini. "Maumivu yako juu juu au ndani?"

"Ndani kabisa. Jioni kifundo kinavimba. Na nikikanyaga, kuna mahali kinakwama."

Abbasi alishaikimbilia picha yake. Scholastika aliitazama kwa makini.

"Picha hii haidanganyi, shemeji. Inaonyesha mifupa. Ila pale mifupa inapokutana, juu yake kuna gegedu. Ni kitu laini, kinateleza, ndicho kinachofanya kiungo kisisagike. Gegedu halionekani kwenye eksirei. Hata jeraha dogo la mfupa chini yake linaweza kujificha."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Mteja akikuletea beringi, wewe unajuaje kama ni nzima?"

"Kwa macho huwezi," Abbasi alijibu upesi, maana hapo ndipo penye ujuzi wake. "Nje inang'aa, ndani imekwaruzika. Lazima uizungushe, uisikilize..."

Maneno hayo aliwaambia wateja kila siku ya Mungu. Aliutazama mguu wa mkewe, akaona haya.

Jumatatu walikwenda kwa Daktari Leodegar, bingwa wa mifupa. Alikibonyeza kifundo, akakizungusha taratibu, akamsikiliza Waridi mpaka mwisho. Halafu akaagiza kipimo cha MRI, kinachoonyesha hata sehemu laini. Majibu yalionyesha gegedu limepasuka. Kipande kilikuwa kimelegea, na mfupa chini yake umeumia.

"Si kila aliyeteguka anapasuliwa," daktari alisema. "Wengi hupona kwa kupumzika na mazoezi. Lakini mguu wako umekaa muda mrefu, na hicho kipande ndicho kinachokwama."

"Mtanipasua mguu mzima?" Waridi aliuliza.

"Hapana. Matundu mawili madogo. Tunaingiza kamera nyembamba, tunaondoa kipande kibovu. Halafu tunatoboa vitundu kwenye mfupa ili damu itoke. Damu hiyo hujenga gegedu jipya. Haliwi zuri kama la kwanza, lakini mara nyingi linasaidia sana. Tatizo ni baadaye. Wiki sita usiukanyagie mguu huo. Utatembea kwa magongo."

Waridi hakuogopa kisu. Aliogopa hizo wiki sita, kwa sababu watu walishaleta vitambaa vya harusi.

"Tutaona," alisema Abbasi.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki ya tatu, daktari aliruhusu Waridi akae kazini, mradi mguu uwe juu. Waridi akakaa barazani, mguu umeinuliwa juu ya kiti chenye mto. Mikono yake ilishika kitambaa. Kando yake alikaa Abbasi, akikanyaga cherehani. Wapita njia walicheka wakachoka.

"Polepole, Baba Shamsa. Umekata uzi tena. Hili si lori."

Kufika adhuhuri, kifundo cha Abbasi kilikuwa kinawaka moto. Aliacha kukanyaga.

"Hivi ndivyo ulivyokanyaga miezi minane? Tena ukiwa umeumia?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," Waridi alisema taratibu. "Ukanionyesha picha."

Roho ilimuuma Abbasi. Alisema, "Nisamehe, mke wangu," kisha akaendelea kukanyaga, polepole.

Baada ya wiki sita Waridi alianza kukanyaga kidogo kidogo. Alifanya mazoezi kwa mtaalamu wa viungo, na siku alizochoka, Abbasi alimkumbusha. Mwezi wa tano baada ya upasuaji, daktari alimruhusu kurudi kwenye cherehani yake.

Jioni hiyo Abbasi alitoka Gerezani. Alipofika kona ya mtaa wao, alisimama akasikiliza. Cherehani ilikuwa inakwenda mfululizo, bila kukwama.

Hakutosheka na hilo. Alifika barazani, akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Kifundo kinasemaje leo?"

"Kimechoka kidogo, lakini hakiumi."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Abbasi, akavuta kigoda ili asikilize.