Noti Zilizokatwa Masikio

Mabula alikuwa na dume la ng'ombe aliyeitwa Treni. Alipewa jina hilo kwa sababu akianza kutembea hasimami mpaka afike. Watu wa kijiji chake, nje kidogo ya Bariadi, wanasema Treni akinywa maji lamboni, vyura walihamia ukingoni kusubiri maji yarudi. Wengine wanasema siku moja alilala barabarani, basi la Lamadi likalazimika kuzungukia Maswa. Hayo ya basi Mabula hakuyaona. Ya vyura aliyaona.

Asubuhi katika nyumba hiyo zilifanana. Lukresia, mke wake, alikamua maziwa, kisha akaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mabula alifungua zizi. Ndani hamkuwa na ng'ombe wengi, kwa sababu ng'ombe wake wengine walikuwa kwa watu.

Wasukuma wanauita utaratibu huo kubilisa. Unampa rafiki ng'ombe akutunzie. Yeye anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe anabaki kuwa wako, na ndama akizaliwa ni wako. Ng'ombe akifa, rafiki anakuletea ngozi uione alama ya sikio. Kila ukoo una alama yake. Ya kwao Mabula ilikuwa pengo upande wa kulia na mpasuo upande wa kushoto. Kwa njia hiyo, ugonjwa ukiingia zizini kwako, haumalizi mali yote.

Lakini mwaka ule ukame haukuchagua zizi. Maduhu, rafiki yake wa kijiji cha jirani, alikuja na ngozi kwenye baiskeli. Shemeji yake wa Kiloleli akaleta ngozi nyingine. Ilifika mahali nyumba ya Mabula ikawa na ngozi nyingi kuliko maziwa.

Tena goti lake la kushoto lilianza kuuma. Yeye alisema linatabiri mvua. Lilitabiri mwaka mzima wa ukame, na halikupatia hata mara moja.

"Baba Salu," Lukresia alimwambia, "goti likikataa kabisa tutakula nini? Salu ana watoto wake wa kulisha."

"Goti bado linafikiri," Mabula akajibu.

Lakini neno hilo lilimkaa. Hakutaka kuzeeka akigonga milango ya watu.

Siku ya mkutano wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, alikuja afisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Jina lake Honorata, mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishiwa Bariadi. Aliongea bila haraka.

"Mfuko huu si wa walioajiriwa peke yao," alisema. "Mkulima, mfugaji, mama lishe, dereva wa bodaboda, wote mnaweza kujiunga kwa hiari. Unachangia kidogo kidogo, au unachangia zaidi ukishauza mazao. Ukizeeka, mfuko unakulipa."

Mabula akanyoosha mkono, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, sasa huyo ng'ombe wangu ninamkabidhi nani?"

"Hukabidhi mtu, baba. Unapewa kontrol namba, yaani namba ya malipo. Unailipia kwa simu au benki."

"Namba ina zizi?"

Watu wakacheka. Honorata naye akacheka. Akaanza kueleza, lakini karani wa chama alikuwa amefika na habari za mbegu na dawa ya pamba, na mkutano mzima ukamgeukia yeye. Mabula akarudi nyumbani na swali lake.

Nyuma ya mkutano ule alikuwa amesimama kijana mmoja wa shati la bluu, anaitwa Marcelo. Hakuwa mfanyakazi wa mfuko wala wa ofisi yoyote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wanataka nini.

Baada ya siku chache alifika kwa Mabula na pikipiki. Kwenye tangi alikuwa amebandika stika ya bendera.

"Mwadila, baba," akaamkia.

"Mwadila, ngosha. Karibu."

Marcelo alikaa. Alikula ugali na maziwa mgando. Akaenda zizini, akamzunguka Treni, akasema hajawahi kuona mwendo mrefu kiasi hicho kuzunguka ng'ombe mmoja. Mabula akafurahi.

"Nimetoka kwenye mfuko," Marcelo akasema. "Nilisikia swali lako. Ni swali la mtu mwenye akili."

"Yule mama alisema nilipe namba."

"Mzee wangu, mimi ndiye ile namba."

Mabula akamtazama vizuri. Hapo ndipo alipoelewa, au alidhani ameelewa. Namba hii ilikuwa na uso. Ilikuwa na miguu. Ilikuwa imekula kwake. Hivi ndivyo ng'ombe anavyokabidhiwa.

Wiki hiyohiyo akamuuza Treni. Mwenye bucha aliyemnunua alimlipa kwa noti za elfu tano tano, furushi nene kama kiazi kitamu. Nusu ya bei wakaiweka kwa chakula na mbegu. Nusu ikawa ya uzee wao. Mchana ule Mabula akakaa mlangoni na wembe, akaanza kukata noti. Kona ya kulia alitoa pengo dogo. Kona ya kushoto alipasua kidogo.

Lukresia alisimama na ungo mkononi. "Unafanya nini?"

"Natia alama."

"Noti ina masikio?"

"Ina kona nne. Mimi nachukua mbili."

"Na risiti je?"

"Mtu anayebilisa ng'ombe anaandikiwa risiti? Anashuhudiwa. Shuhudia."

Marcelo alipokuja kuchukua, Lukresia alimuuliza yeye mwenyewe. "Risiti yetu iko wapi, mwanangu?"

"Itaingia kwenye mfumo, mama."

"Mfumo unaishi wapi?"

"Dodoma."

Mabula akatikisa kichwa kwa heshima. Kitu kinachoishi mbali hivyo lazima kiwe kikubwa. Marcelo akalitia furushi kwenye mkoba bila hata kutazama kona za noti, akaondoka. Vumbi la pikipiki lilichelewa kutulia, na Lukresia akaendelea kulitazama.

"Ungemdai ngozi," akasema.

"Ngozi ya nini? Ng'ombe ndiyo kwanza ameondoka."

Siku ya mnada, Mabula na Lukresia walienda kununua mbuzi. Mnadani kuna vumbi, kelele na supu. Mabula alikwenda kwa Goodness, mama anayeuza supu ya utumbo ambayo watu husema inamfufua hata aliyeuziwa ng'ombe kipofu. Alikunywa, Lukresia akanywa, Mabula akatoa noti ya elfu kumi. Goodness akamrudishia elfu tano.

Mabula alikuwa anaikunja aitie mfukoni. Kidole chake kikapita kwenye kona. Akaikunjua. Kulia pengo. Kushoto mpasuo.

Alimpa Lukresia. Lukresia akaishika kwa mikono miwili, akairudisha.

"Huyu si wa kwetu?" akauliza.

"Ni wa kwetu."

"Dodoma ni karibu siku hizi."

Mabula akamgeukia Goodness. "Mayu, noti hii umepewa na nani?"

"Yule pale wa shati la bluu. Anakula utumbo sahani mbili mbili tangu asubuhi. Kwani ni feki? Mimi niliona kona zake nikadhani zimeliwa na panya, lakini panya gani anakula kwa kupima hivyo?"

Marcelo alikuwa benchi la nyuma, mkono kwenye sahani. Goti la Mabula siku hiyo halikuuma. Hakumshika kijana wala kumpigia kelele. Alimwacha Lukresia akae benchi la jirani, yeye akaenda kumwita askari polisi aliyekuwa zamu mnadani. Maduhu alikuwa hapo anauza beberu, naye akafuata.

"Huyu mzee simjui," Marcelo akamwambia askari.

"Ulikula maziwa mgando kwangu," Mabula akasema, "ukaomba uongezewe."

"Nyumba nyingi zina maziwa mgando. Pesa hizi ni zangu."

"Kama ni zako, taja alama ya sikio."

Marcelo hakuelewa ameulizwa nini. Askari akamwambia atoe kilichomo mfukoni. Zikatoka noti. Maduhu akaambiwa ataje alama ya ukoo wa Mabula kabla hajazitazama. "Pengo kulia, mpasuo kushoto," akasema. "Nimepeleka ngozi kwao, nitasahauje?" Askari akazigeuza moja moja. Zilikuwa zimekatwa masikio, nyingi ya zile za Mabula. Zilizopungua zilikuwa zimeshaliwa.

Kesho yake Mabula na Lukresia walipanda bodaboda hadi Bariadi mjini, ofisini kwa Honorata. Mabula aliingia kwa aibu kidogo.

"Mwangaluka, mayu. Namba yako ilinitembelea nyumbani."

Honorata akasikiliza kisa chote. Mabula alipofika kwenye wembe, Honorata aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Kisha akakaa sawa.

"Baba Salu, kwanza usikate noti tena. Kukata noti kwa makusudi ni kosa. Noti iliyoharibika inapelekwa benki wakaiangalie."

"Lakini wembe ndio ulionisaidia."

"Safari hii umekusaidia. Ungemlipa kwa kontrol namba, usingeuhitaji." Akaendelea. "Sisi hatupokei michango mkononi. Sipokei mimi, wala hapokei mwenzangu yeyote. Anayekuja nyumbani kuelimisha au kukuandikisha anaweza kuwa mtumishi wa kweli, na una haki ya kumwomba kitambulisho na kupiga simu ofisini kuuliza. Lakini akitaka pesa taslimu, hapo umeshamjua."

"Mimi nilitaka kumjua ninayemkabidhi."

"Ndiyo maana namba ipo. Ile namba ni ya malipo yako wewe, si ya jirani. Ukiilipia, pesa inaingia kwenye akaunti ya mfuko, na hakuna mtu katikati wa kuipitisha mfukoni mwake. Kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Ukiona jina la mtu binafsi, acha."

Mabula akafikiri. "Kwa hiyo namba ni alama ya sikio."

"Sikuwahi kuisema hivyo," Honorata akasema, "lakini nitaanza."

"Na ngozi?" Lukresia akauliza.

"Ngozi?"

"Ng'ombe akiwa kwa mtu, unapata la kukuonyesha kwamba alikuwepo."

"Utapata ujumbe kwenye simu kila ukilipa. Utunze. Na wakati wowote unaweza kuomba taarifa ya michango yako uone kila ulichoingiza. Ukikuta mchango haumo, njoo mapema, usisubiri uzee."

Mabula alikuwa na swali la mwisho, na alilisogelea kama mtu anayemsogelea ng'ombe mkali. "Mayu, nikimbilisa Maduhu ng'ombe, Maduhu anakunywa maziwa. Huko kwenu nani anakunywa?"

Honorata hakucheka. "Ni swali zuri. Mfuko unawekeza michango ya watu wote. Kinachopatikana kinalipa mafao ya wanachama na gharama za kuendesha mfuko. Kwa hiyo maziwa mengi yanarudi kwa wenye ng'ombe, ila unayanywa baadaye, na kwa masharti. Mtu akikuahidi kwamba pesa yako itaongezeka mara mbili kwa wiki, huyo anakamua ng'ombe wa kuchora."

Wakaandikishwa siku hiyo, mume kwa jina lake na mke kwa jina lake, kwa vitambulisho vyao vya taifa. Lukresia alichangia pesa ya michembe. Kontrol namba ikaja kwenye simu. Mabula akaisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anayetambulishwa kwa mkwe. Akabonyeza. Jina la mfuko likatokea. Akathibitisha. Ujumbe ukaingia.

"Ngozi hiyo," Lukresia akasema.

Kesi ya Marcelo ilisikilizwa, akapatikana na hatia na akaamriwa kulipa alichokula. Noti zilizokuwa kielelezo zilirudishwa, Mabula akazipeleka benki, karani akazitazama, akamtazama yeye, akazipokea. Pesa ile ikaingia kwenye mfuko wa Honorata kwa uzee wao. Msimu wa pamba ulipofika, wakachangia tena. Goti bado linatabiri mvua, lakini Lukresia haliulizi tena watakula nini.

Siku moja mtendaji wa kijiji alipita kudai ushuru wa gulio. Alinyoosha mkono. Mabula naye akanyoosha mkono.

"Mashine," Mabula akasema.

"Mzee Mabula, mimi unanifahamu tangu nazaliwa."

"Ndiyo. Na risiti yako nitaifahamu ikitoka."

Mtendaji akacheka, akatoa mashine begani. Risiti ikatoka. Siku hizi kijijini hapo hakuna anayelipa ushuru bila karatasi ile, na mtendaji mwenyewe anasema jioni hesabu zake zinakaa sawa kuliko zamani.

Noti alizokula Marcelo zilionekana moja moja mnadani; moja tu yenye alama ya sikio haijapatikana. Inazunguka bado. Kila akirudishiwa chenji, Mabula hupitisha kidole kwenye kona. Watu wanamletea habari zake. Mmoja alisema ameiona Nassa kwa wachuuzi wa samaki. Juzi Maduhu alifika na baiskeli, akaapa kwamba imeonekana Lamadi, na nyuma yake inafuatwa na noti ya elfu moja.

Mabula alifikiri kidogo.

"Huyo ndama naye ni wangu," akasema, na akamwambia Maduhu asimlipe mtu yeyote mkononi.