Hodi ya Bomba la Saba

Glavu-kumbukumbu zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, lakini zilinasa kila kitu: nguvu ya kidole, pembe ya kiwiko, hata kusita. Mwaka mzima Bi. Hidaya Kiluvia alizivaa akiwafundisha mafundi wa maji wa Dodoma kufungua vali za mabomba makuu. Zilipima kila somo kwa kiwango cha serikali, maana kampuni yao ilikuwa ikiitafuta Nembo ya Mafunzo, ithibati ya serikali kwa kampuni zinazoendeleza wafanyakazi.

Mkurugenzi, Gervas Ngonyani, aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

“Bila nembo, mama, jiji halitupi kazi,” alimweleza. “Na vijana wetu wakipata vyeti vya serikali, nani atawaonea?”

Sababu ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili Bi. Hidaya aliipenda, akaiamini.

Somo lake la kwanza lilikuwa moja siku zote. Kabla ya kufungua vali, gonga bomba mara tatu: hodi. Mwenzako aliye chini ndani ya chemba, shimo la kufikia bomba, akijibu, fungua. Asipojibu, subiri. Alikwisha kuona maji yalichomfanyia mtu wa chembani vali ilipofunguliwa bila hodi.

Siku ya ukaguzi, karakana ilikuwa na mikono ya chuma tu, imepangwa safu.

“Vijana wako wapi?” Bi. Hidaya aliuliza.

“Ndio hawa. Mikono-fundi,” Gervas alisema. “Umeifundisha mwenyewe, mama, kwa hizo glavu. Wale wengine tuliwaaga jana.”

“Nembo ni ya kuendeleza wafanyakazi, Gervas.”

“Kiwango kinapima mafunzo. Hakiulizi aliyefunzwa anakula ugali au umeme.”

Mkaguzi wa serikali, aliyesimama kando, hakupinga. Alikuwa amezisoma kanuni.

Mkono wa kwanza ukashika vali ya bomba la saba. Ukagonga mara tatu kwa mdundo wa Bi. Hidaya hasa, ukichelewa kidogo kabla ya pigo la mwisho. Kisha ukasubiri.

Chemba ilikuwa tupu.

Ukagonga tena. Ukasubiri.

“Umeharibika?” mkaguzi aliuliza. “Vali isipofunguka, nembo hakuna.”

“Haujaharibika,” alisema Bi. Hidaya. “Umefundwa ukafundika.”

Gervas alimsogelea. “Mama, nakuomba. Shuka ujibu. Mara hii tu.”

Bi. Hidaya alizivua glavu kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya bomba. Nyuma yake hodi ilipigwa tena, hodi yake mwenyewe, naye akatoka bila kuitikia.