Mkuki wa Baba wa Bibi Harusi

Mandlenkosi Zondi alikuwa akifanya mazoezi zizini. Wiki inayofuata binti yake, Nozipho, angeolewa, na kwa desturi yao baba wa bibi harusi hana budi kucheza kwa kuruka na mkuki mbele ya wakwe. Akaruka mara ya kwanza. Akaruka mara ya pili. Mara ya tatu akakanyaga samadi mbichi, akaanguka puu! Mkuki ukamchoma mwenyewe chini ya mbavu za kushoto.

Kidonda kilikuwa kidogo, damu haba. Aibu ndiyo ilikuwa kubwa. Hospitalini akamwambia muuguzi, Sista Thobeka, "Nimevamiwa na wezi watatu. Kisu kidogo tu. Nipe plasta niende zangu."

"Wanne," alisema mkewe, MaNgubane. "Umeisahau samadi."

"Mama Nozipho, nyamaza!"

"Baba, niambie kweli," alisema Sista. "Nataka kujua kilichoingia kina urefu gani na kilielekea wapi."

Mzee akasema kweli. Sista hakucheka. Basi, alicheka kidogo.

"Mkuki ulielekea juu. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mwembamba kama pazia, unaotusaidia kupumua. Ukitoboka, leo huenda usisikie kitu, na hata eksirei isionyeshe. Baadaye utumbo unapenya pale na kunaswa kifuani. Hapo unaweza kufa."

"Kwa hiyo mtanipasua kuanzia hapa mpaka huku, kama mlivyompasua kaka yangu alipochomwa kisu? Binti yangu ataolewa nimelala humu!"

"Anayevuja damu nyingi ndani hupasuliwa hivyo, haraka. Wewe hali yako imetulia. Utapewa dawa ya usingizi. Daktari atatoboa matundu madogo, atie hewa tumboni, aingize kamera nyembamba kama kalamu. Ataona yote kwenye skrini."

"Mtatia hewa humo?" aliuliza MaNgubane. "Mtapata wapi nafasi? Tumbo hilo limejaa pombe ya mtama."

Mzee akakubali. Kamera ikakuta tundu kwenye pazia lile, upana wa ukucha. Likashonwa kupitia matundu yale yale madogo. Siku ya tatu akarudi nyumbani, na onyo: asiruke, asibebe kizito.

Harusini alikaa kitini, na hilo lilimuuma kuliko mkuki. Mzee wa upande wa bwana harusi akamwinamia.

"Nasikia ulichomwa. Mwizi alikamatwa?"

Zondi akajishika ubavu.

"Amekamatwa. Ndiye huyu unayezungumza naye."

Nozipho akacheka mpaka akalia. Baba yake alikuwa hai, na alikuwa pale.