Taulo Lililokunjwa Mara Tatu

Marehemu alikuwa amelazwa vizuri kupita kiasi. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta aliloandika kwenye daftari lake.

Alilala ubavu wa kulia, akielekea dirishani. Mto mmoja chini ya kichwa, mwingine nyuma ya mgongo, wa tatu katikati ya magoti. Chini ya vifundo vya miguu palikuwa na taulo lililokunjwa, na visigino vilining'inia bila kugusa godoro. Shuka halikuwa na kunyanzi hata moja.

Kwenye kabati dogo la kando ilikuwa saa ya wauguzi, ile ya kubandika kifuani. Kwa ajili ya saa hiyo wodi nzima ilimwita Bi Saa. Aliiongoza wodi hii ya wanawake kwa miaka ishirini na sita, akastaafu, kisha kiharusi kikamrudisha humo humo akiwa mgonjwa. Miezi mitatu alikuwa hasemi, hainui mkono. Kilichobaki kikifanya kazi ni akili na kope. Akipepesa mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana.

Saa nane mchana wajumbe watatu wa kamati ya nidhamu walifika kitandani kwake kuchukua ushahidi. Walimkuta amekwisha kuwa baridi.

"Amezibwa pumzi," daktari wa uchunguzi alisema, akivua glavu. "Kuna madoa mekundu kwenye weupe wa macho. Mdomo umechubuka kwa ndani. Na huu mto wa magotini una mate yenye damu. Upande wa doa umegeuzwa chini."

"Saa ngapi?"

"Ukinibana, nitasema kati ya saa tano na saa tano unusu. Lakini kuna jambo." Aliinua gauni kidogo. "Damu ya maiti hushuka chini, kama matope kwenye ndoo ya maji. Mgongoni kuna wekundu unaofifia. Ubavuni kuna mwingine mpya. Alikufa chali, akakaa hivyo kitambo, ndipo akageuzwa."

"Aligeuzwa akiwa maiti?"

"Maiti kabisa."

Inspekta aliitazama chati iliyoning'inia miguuni mwa kitanda. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila saa mbili, ngozi isioze. Saa mbili asubuhi: kushoto, imetiwa sahihi. Saa nne: chali, imetiwa sahihi. Saa sita: kulia. Hapo palikuwa patupu.

"Hata alipokuwa hai hakujigeuza," alisema Koplo, msaidizi wake.

"Basi tumtafute aliyemgeuza," alijibu Inspekta. "Tukimpata huyo, mengine yatakuja yenyewe."

*

Muuguzi wa zamu aliitwa Chiriku kwa sababu ya kuongea na kuimba wodini kutwa nzima. Leo sauti ilikuwa imemkauka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani.

"Kamati ilikuja kwa ajili yangu, afande. Wiki tatu zilizopita mgonjwa wa kitanda cha tisa, mama mshonaji, alikufa kwa kidonda cha kulalia. Kidonda kilifika mfupani. Lakini chati yake ilionyesha amegeuzwa kila saa mbili, siku tano mfululizo, kwa sahihi yangu."

"Ulimgeuza?"

"Siku hizo tano nilikuwa nimepelekwa kusaidia wodi ya watoto. Sista, kiongozi wetu, ndiye aliyenituma, kwa mdomo tu. Leo anasema hakunituma."

"Na Bi Saa alikuwa kitanda kinachotazamana na cha tisa."

"Aliona kila kitu. Leo angesema. Kamati ikiamini kwamba ni mimi, leseni yangu inachanwa, na nina watoto wawili wanaokula kwa leseni hiyo. Na sasa naambiwa nimeua."

"Saa tano ulikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha eksirei na mgonjwa wa nyonga. Niliondoka saa tano kasoro robo, nikarudi saa saba."

"Hukutoka huko?"

"Nilitoka. Saa tano na robo nilirudi mbio kuchukua faili. Nililichukua mezani nikaondoka. Sikufika vitandani. Najua inavyosikika, afande."

"Ukarudi saa saba, ukaona nini?"

"Pazia limefungwa. Nikachungulia, nikaona ameshageuzwa. Nikashukuru Mungu. Nikasema leo kuna mtu amenihurumia."

"Kwa nini hukujaza chati?"

Alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Sikumgeuza mimi."

*

Kitanda cha sita alilala bibi aliyevunjika paja. Alikuwa akisubiri tu aulizwe.

"Jicho langu lina mtoto, mwanangu," alimwambia Inspekta, "lakini sikio bado mwari. Nilisikia pazia la Bi Saa likivutwa mara mbili. Mara ya kwanza baada ya chai ya asubuhi kuondolewa. Mara ya pili kengele ya saa sita ilipolia."

"Ulisikia sauti ya mtu?"

"Mara ya kwanza mtu alinong'ona. Kama anayeomba. Sikushika neno. Mara ya pili kimya tu, na kupigapiga mito. Nikajua wanamtengeneza." Bibi alivuta shuka. "Kumbe walikuwa wamemtengeneza kweli."

*

Ofisi ya Sista, kiongozi wa wodi, ilikuwa chumba kidogo chenye mlango wa kioo. Ukutani palikuwa na hati tatu za pongezi: wodi bora, miaka mitatu mfululizo. Sista mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimefungwa nyuma, sare imenyooshwa hadi mikunjo ikawa kama makali ya kisu.

"Tangu saa nne nilikuwa hapa nikitayarisha faili la kamati," alisema. "Sikutoka."

"Hata saa sita?"

"Hata saa sita."

"Muuguzi wako pekee wa zamu yuko eksirei. Saa sita ni saa ya kugeuza. Nani angewageuza wagonjwa?"

"Inspekta, kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kazi inafanyika, si kuifanya. Mkono wangu haujamgusa mgonjwa leo." Alisogeza kalamu ikalingana na ukingo wa meza. "Mtu aliyekuwa na sababu ya kumwogopa Bi Saa mnaye. Alirudi saa tano na robo. Nilimwona kupitia kioo hiki."

"Ulimwona akienda kitandani?"

"Nilimwona akiingia wodini. Mengine ni kazi yenu."

"Nasikia mwezi ujao unakuwa Mkuu wa Wauguzi wa hospitali nzima."

"Mungu akipenda."

"Hongera," alisema Inspekta, naye akaandika.

*

Binti wa marehemu alikuwa koridoni, amekumbatia ubao wa herufi alioukata kwenye boksi. Kwa ubao huo alikuwa akimwonyesha mama yake herufi moja moja, mpaka kope ipepese.

"Nilikuja saa sita na nusu," alisema. "Nikamchungulia. Nikaona amelala ubavu, katulia. Nikasema apumzike, ana kazi saa nane. Nikakaa hapa nje." Alifunika uso kwa ubao. "Nilikuwa nalinda usingizi wa maiti, kaka yangu."

Inspekta alimwacha alie. Hakuwa mtu wa haraka.

"Alikuambia angemtaja nani?"

"Nilimuuliza. Akapepesa mara mbili. Mama alikuwa hivyo. Mambo ya wodi husemwa wodini, mbele ya wakubwa wa wodi. Hata sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia mezani."

"Alikuwa mkali?"

"Kwa wanafunzi wake? Ajabu! Aliwapiga rula za vidole. Kisigino cha mgonjwa kikigusa godoro, siku hiyo huli. Nyumbani tulikuwa tukikunja mataulo pamoja naye, mara tatu, si mbili, si nne. Alisema mbili ni nyembamba, nne inakata damu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Wauguzi wote hapa hufanya hivyo?"

"Zamani. Wa siku hizi wana mbinu zao. Chiriku hujaza maji kwenye glavu, anaziweka chini ya miguu kama puto. Mama alikuwa akizikodolea macho glavu hizo, nasi tunacheka."

"Na aliowafundisha mama, wamebaki wangapi wodini?"

Binti alifikiri. "Mmoja," alisema, kisha akaacha mdomo wazi.

*

Saa kumi kasoro robo Inspekta alimwomba Sista na Chiriku waje kwenye kitanda kitupu mwisho wa wodi. Koplo alikuwa ameshalala juu yake bila viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia.

"Mimi sijui kazi yenu," Inspekta alisema kwa upole. "Sitaki kuandika nisichokijua. Dada, mlaze huyu kama mgonjwa asiyejiweza. Ubavu wa kulia."

Chiriku alisita. Kisha mikono yake ikakumbuka. Alimvuta Koplo bega na nyonga kwa pamoja, akamgeuza, akapanga mito. Alijaza maji kwenye glavu mbili, akazifunga, akaziweka chini ya miguu.

"Kidole hiki kimeomba likizo, afande," alisema kwa sauti ndogo. Ndilo neno la kwanza la mzaha alilosema siku hiyo.

Koplo alikunja kidole kwa aibu. Glavu moja iliteleza, kisigino kikatua godoroni.

"Ndiyo hayo," Sista alisema. "Ndiyo hayo ninayoyapigia kelele kila siku. Glavu huteleza. Mgonjwa hawezi kukuambia kwamba imeteleza, nawe umeshaenda zako."

"Basi wewe ni kiongozi wake," Inspekta alisema. "Msahihishe. Nifundishe na mimi."

Sista alizitoa glavu kwa ncha za vidole na kuzitupa kwenye beseni. Alivuta taulo kwenye rafu. Macho yake yalikuwa kwa Chiriku, akimwelekeza, na mikono ikafanya kazi peke yake: kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Alilipenyeza chini ya vifundo. Akapitisha kiganja chini ya kisigino kupima nafasi.

Hapo mkono wake ukaganda.

Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi, akalitoa taulo la kitanda cha Bi Saa, akaliweka kando ya lile la Sista. Yalilingana kama mapacha.

"Mkono wako haukumgusa mgonjwa leo," alisema.

"Ni... ni taulo tu."

"Ni taulo. Na mto umevikwa plastiki ndani ya foronya, na plastiki hushika alama za vidole. Kesho maabara watasema. Mimi ningependa kusikia leo, kutoka kwako."

Sista aliketi kitandani, miguuni mwa Koplo. Koplo hakujua ainuke au abaki. Akabaki.

"Nilikuwa na wagonjwa thelathini na wauguzi wawili," alianza. "Niliandika barua nne kuomba watu. Nikaletewa barua ya ukaguzi. Wakaguzi hawafunui mashuka, wanasoma chati. Chati ikijaa, wodi ni bora. Nikajaza."

"Kwa sahihi ya Chiriku."

"Jina lake ndilo lililokuwa kwenye ratiba. Sikudhani yule mama angekufa."

"Alipokufa?"

"Nikasema Chiriku bado kijana, atapata kazi nyingine. Mimi nilibakiza mwezi mmoja." Alizungumza akiitazama sakafu. "Leo nilimtuma eksirei, nikaenda kwa Bi Saa. Nilimwomba. Nilipiga magoti, afande. Nikamuuliza, mama, utanitaja? Akapepesa mara moja. Nikamwambia, wewe ndiye uliyenilea katika kazi hii, utanitaja? Mara moja. Nikamuuliza mara ya tatu."

"Akasema nini?"

"Alinitazama tu. Hakupepesa kabisa. Kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mwanafunzi, nimefanya kosa, anasubiri nilisahihishe mwenyewe. Sikuweza kuyavumilia yale macho. Nikachukua mto."

Chiriku alikuwa ameshika reli ya kitanda kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Wauguzi kuwa wachache hakukumziba pumzi Bi Saa," Inspekta alisema taratibu. "Hilo nitaliandika. Na barua zako nne nitaziandika pia. Lakini nieleze jambo moja. Ungemwacha chali, watu wangesema kiharusi kimemmaliza, na huyu dada hakuwepo kumgeuza. Kwa nini ulirudi?"

Sista aliinua uso.

"Kengele ya saa sita ililia," alisema. "Alikuwa chali tangu saa nne."

Koplo alivaa viatu, akatoa pingu. Inspekta akampa ishara asubiri mpaka wavuke wodi. Walipita kati ya safu mbili za vitanda, polepole, na wagonjwa wenye uwezo wa kugeuza shingo waliwafuata kwa macho. Saa ya ukutani iligonga saa kumi.

Kwenye kitanda cha nne Sista alisimama. Koplo alimgusa kiwiko, lakini hakusogea. Alikuwa akitazama miguu ya mgonjwa aliyelala hapo, bibi mwembamba asiye na fahamu.

"Kisigino chake kimegusa," alisema.

Chiriku alikuja. Hakumtazama Sista. Aliinama, akakiinua.